Posa Iliyochekwa

Jora la kitambaa lilikuwa moja, mikono iliyolishika minne.

Ilikuwa siku ya soko Kibiti, mwaka wa hamsini na tano, mbele ya duka la Labhuben. Watu wamejaa barabarani mpaka lori la Hasham linapiga honi bila kusogea. Upande mmoja wa jora alikuwa Mwanawetu binti Mfaume, mwalimu wa wasichana wa shule ya Kibiti, kavaa gauni la bluu la mikono mirefu na kanga imemkaa begani sawasawa. Upande wa pili alikuwa mwanamume asiyemjua, shati jeupe, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na soksi ndefu, moja imepanda mpaka gotini na nyingine imelala kifundoni.

"Achia," alisema Mwanawetu.

"Achia wewe. Mimi nimetoka Mkongo kwa ajili ya jora hili."

"Kwani Mkongo hakuna maduka?"

"Yapo. Ila ukienda kununua huko hugombani na mrembo."

Labhuben alicheka mpaka akashika meza. "Jora moja tu, walimu wangu! Nyekundu nyingine hakuna mpaka mwezi ujao. Kila shule inataka nyekundu."

Alisema kweli. Mwezi wa nane shule tano za Rufiji zingekutana Kibiti kwa siku nzima ya mashindano ya michoro, ususi, nyimbo na ngoma, na kila mwalimu alitaka wanafunzi wake waonekane tangu wakiwa mbali.

Yule mwanamume akamkazia macho. "Hebu niambie, wewe Mndengereko?"

"Wa Maparoni. Una shida nao?"

"Basi yamekwisha!" Akawageukia watu waliokwisha kusogea kusikiliza. "Mimi naitwa Haruni, Mmatumbi halisi. Jora hili langu, na huyu aliyelishika ni mke wangu tangu enzi za babu. Tena alinitoroka!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo Kibiti Mmatumbi na Mndengereko walikuwa watani, na utani wao haukuwa wa mdomo tu. Mtani atakuvua kofia mbele ya wakwe zako, atakuita mtumwa wake, atakuja msibani kwako alie kilio cha uongo mpaka wafiwa wacheke, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mwanawetu alikulia humo.

"Mume wa wapi wewe?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori. "Soksi imekushinda, utamweza mke? Wamatumbi mkishuka mlimani huwa mnasahau nusu ya nguo!"

"Alaa! Mke wangu ana ulimi!"

"Na meno pia. Labhuben, kata katikati. Huyu apewe nusu, akajifunike aibu."

Walikata katikati. Haruni akaondoka na nusu yake, na lori lilipoanza kwenda akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mke wangu! Nipikie wali, Jumamosi nakuja!" Mwanawetu akamtupia ganda la muwa. Akafika nyumbani kwa shangazi yake Tabu bado anacheka peke yake, na shangazi mtu akamwangalia kwa jicho la pembeni.

Jumamosi kweli akaja. Akaja na nyingine, na nyingine. Mwanawetu alikuwa na jambo ambalo hakuna mwalimu mwingine wa wilaya ile aliyekuwa nalo: wasichana kumi na wawili waliotaka kupiga ngoma wenyewe, siyo kuchezea ngoma iliyopigwa na wavulana. Watu walimwambia mikono ya kike haitoi sauti. Mimi nawashangaa watu wa namna hiyo, mtwangio wanausikia kila siku asubuhi. Haruni hakusema hivyo. Alikaa chini kwenye vumbi la uwanja wa shule, akawaonyesha namna ya kulisogeza chapuo, ngoma ndogo, karibu na moto hadi ngozi ikaze, na namna ya kulifanya vumi, ngoma kubwa, lingurume bila kulipiga kwa hasira.

"Tena," alikuwa akisema. "Umepiga vizuri, ila umeomba radhi mwishoni. Usiombe radhi. Piga."

Katikati ya wiki walipelekeana barua kwa mkono wa Seleman, dereva wa lori la Hasham. "Kwa mke wangu mkaidi," aliandika Haruni, "nasikia unapendeza siku nisizokuwapo, acha mara moja." Mwanawetu alijibu, "Kwa mtumwa wangu wa Mkongo, soksi uliyoacha hapa nimempa mbuzi, imemkaa vizuri kuliko wewe." Seleman alizisoma zote njiani, akawa anacheka hata kabla hajashuka.

Lakini barua zile Mwanawetu hakuzitupa. Alizikunja akaziweka chini ya mkeka, na kila alipozisoma moyo ulimwenda mbio halafu ukamchoma, kwa sababu hakujua. Kila mtani humwita kila mtani mke. Haruni angeweza kumwita hivyo bibi kizee wa miaka themanini. Alichotaka Mwanawetu kukijua ni kimoja tu: je, neno lile kwa Haruni ni neno, au ni mchezo? Na mwanamke utauliza vipi, wakati ukiuliza utajibiwa kwa mchezo uleule?

Siku moja ya mwisho wa mwezi wa tano, wakilisubiri lori, Haruni alinyamaza ghafla. Mwanawetu hakuwahi kumwona amenyamaza.

"Nikikwambia neno bila utani, utaniamini?"

"Mmatumbi bila utani?" alisema Mwanawetu, na sauti yake ilitoka ya kejeli kwa mazoea. "Hebu sema, niweke tarehe."

Haruni akamtazama. "Basi," alisema, "nitawatuma wanaojua kusema."

"Watume! Waje na mkaja, zawadi ya mama!"

Lori likaja, akapanda. Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Wala iliyofuata. Barua mbili alizopeleka Mwanawetu hazikujibiwa, na Seleman alipoulizwa alikuna kichwa tu. "Nimempa mkononi, dada. Amesema ahsante."

"Ahsante tu?"

"Ahsante tu."

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Mwanawetu akajiambia ndiyo hivyo, mchezo umemchosha mwenyewe. Alilia mara mbili, mara ya tatu akakasirika, na hasira ile akaiingiza yote kwenye ngoma. Wasichana walipiga mpaka Labhuben akawa anafunga hesabu za duka kwa mdundo wao.

Wiki ya tamasha, mwalimu mkuu Shaban alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mwenye woga mwingi.

"Bwana Mkaguzi ameleta orodha," alisema. Mkaguzi alikuwa Mzungu aliyefika Rufiji mara mbili kwa mwaka, na mara zote alikuwa na haraka. "Wasichana wataimba wimbo wa Malkia, kisha wataonyesha vitambaa walivyodarizi. Ngoma ni ya wavulana."

"Nani kasema?"

"Barua imesema."

"Barua haijawahi kuwasikia wanangu wakipiga."

"Mwanawetu, usinitie matatani. Mimi nina watoto saba."

"Na mimi ninao kumi na wawili, Mwalimu. Niwaambie nini? Kwamba mikono yao imeharamishwa?"

Jioni ile Shaban alizichukua ngoma zote nne za wasichana, akazifungia ofisini, na ufunguo akautia mfukoni.

Siku yenyewe ikafika. Kibiti haikuwahi kuona watu namna ile. Wa Kiongoroni na Maparoni walikuwa wamesafiri siku mbili, mitumbwi kwanza na lori baadaye, na wazee wao wameketi safu ya mbele wamevaa kanzu zilizofuliwa kwa ajili hiyo. Mzee Mfaume, baba yake Mwanawetu, alikuwa miongoni mwao, kofia yake ya viua imekaa upande, anazungumza kwa sauti kama kawaida yake. Kwenye kamba kulitundikwa michoro ya watoto: viboko, mashua, mama anafukuza ndege kwenye shamba la mpunga. Vasanti, binti wa Labhuben, alipiga kinanda cha mkono cha shule ya Wahindi akiwa na sari ya kijani, na wazee wa Maparoni wakamshangilia wakataka arudie.

Kisha wanafunzi wa Mkongo wakaingia, mikanda myekundu viunoni. Mbele yao Haruni.

Watu wote wakageuza shingo wamtazame Mwanawetu, maana matusi ya wale wawili yalikuwa yamekuwa maarufu. Alisimama na gauni jeupe, ushungi mwekundu wa jora lilelile, kidevu juu. Haruni akampita kwa umbali wa hatua mbili.

"Asalaam aleikum, Mwalimu," alisema, akaenda zake.

Mwalimu! Afadhali angemwita mchawi. "Jamani," alinong'ona Labhuben, "leo watani mna nini?"

Zamu ya wasichana wa Kibiti ilipokaribia, Mwanawetu alikwenda nyuma ya ofisi akaujaribu mlango. Kufuli halikutikisika. Akalipiga teke, akaumia kidole, akalipiga tena.

"Wamezifungia?"

Haruni alikuwa amesimama nyuma yake.

"Zinakuhusu?"

"Vijana wangu wameniambia. Chukua zetu." Alikuwa amebeba chapuo mkono mmoja na vumi mkono wa pili, na vijana wake wawili nyuma yake wamebeba nyingine mbili. "Wekeni hapo, nendeni uwanjani," aliwaambia, wakaenda.

"Mkaguzi atawafuta mashindanoni."

"Nimewaambia. Wamesema atufute."

Mwanawetu alizitazama zile ngoma, akamtazama na yeye. "Huu nao utani, Haruni? Unanipa, halafu nikifika katikati ya uwanja unaninyang'anya watu wacheke?"

"Utani niliuacha kwenu Maparoni."

"Maparoni umefika lini wewe?"

"Sikufika mimi. Alikwenda mjomba wangu Mussa na wazee wawili, mwezi wa sita. Kuposa." Haruni alisema haraka, macho yapo chini. "Baba yako akasema mahari yako ni mkia wa kiboko. Kiboko awe hai, na wa kuukata niwe mimi. Wakacheka baraza zima, wakawapa wali wakawasindikiza kwa vigelegele. Mjomba alirudi amevimba. Akaniambia wale wanakuona kichekesho, mwanamke mwenyewe hakujitokeza hata mlangoni. Sasa ulitaka nikuandikie nini? Soksi?"

Mwanawetu aliishika nguzo ya ofisi. "Mjomba wako alipoingia, neno la kwanza alisema nini?"

"Sijui. Alivyozoea. Alimwambia baba yako ashuke kitini, mtumwa haketi mbele ya bwana wake."

"Ya Rabi! Haruni! Ameingia na utani, akajibiwa utani! Baba yangu mpaka leo hajui kama aliletewa posa! Anadhani Wamatumbi walikuja kula wali wake tu!"

"Na wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza nasikia! Mimi nilikuwa hapa Kibiti, nakusubiri, nakutukana, nakulilia..."

"Ulinililia?"

"Usinichekee. Leo ukinichekea nakupasua kichwa kwa chapuo lako mwenyewe."

"Sicheki," alisema Haruni, na kweli hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mwanawetu, nakupenda. Nimeshindwa kulisema kwa sababu kinywa changu kimezoea upuuzi. Nakupenda, wallahi."

Hapo Mwanawetu alijua. Ilimwingia mwilini kama maji ya moto kwa mtu aliyenyeshewa. Lakini uwanjani jina la shule yake lilikuwa linaitwa kwa mara ya pili, na wasichana kumi na wawili walikuwa wanatazama huku na huku wakimtafuta.

"Nishikie vumi," alisema. "Mengine nitayasema mwenyewe, tena si hapa uchochoroni."

Wasichana waliimba wimbo wa Malkia kwa adabu, wakaonyesha vitambaa vyao. Mkaguzi akapiga makofi matatu, akageuza karatasi ya orodha. Alipoinua uso, ngoma nne zilikuwa katikati ya uwanja na wasichana wamezizunguka. Msichana mkubwa alipiga chapuo mara moja, kavu, na uwanja wote ukanyamaza. Kisha wakaingia wote.

*Mlitupa sindano, tumeshona,*
*mlitupa wimbo, tumeimba,*
*mikono ingalipo, mnaifunga ya nini?*
*Mikono ingalipo, tunapiga!*

Vumi lilinguruma mpaka vikombe vya chai vya wakubwa vikalia mezani. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma kabisa, kwenye jua, walianza kusogea. Wakapita safu ya wanafunzi, wakapita safu ya makarani, wakafika mbele wakipiga vigelegele, Shangazi Tabu akiwa wa kwanza, kanga kajifunga kiunoni. Wasichana hawakuomba radhi mwishoni. Walipiga, wakaacha.

Mkaguzi alikuwa amesimama, uso mwekundu. Alisema maneno mengi kwa Kiingereza, na mwalimu mkuu Shaban akayaleta kwa Mwanawetu jasho likimtiririka.

"Anauliza nani ametoa amri."

"Mimi."

"Na ngoma za nani?"

"Za Mkongo," alisema Haruni, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Mkongo wamefutwa. Na wewe, Mwanawetu, barua ya uhamisho utaipata Jumatatu. Unakwenda Kiongoroni." Shaban alishusha sauti. "Kule mwisho kabisa, mwanangu, kwa wakata mikoko. Muombe radhi, nitakusemea."

"Kiongoroni nako wanazaa wasichana," alisema Mwanawetu.

Akamwacha pale. Akavuka uwanja mzima, watu wakimtazama, mpaka safu ya wazee wa Maparoni. Mzee Mfaume alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanzu, akimwambia jirani yake kila mara, "Yule wangu, yule!" Mwanawetu akapiga goti akamsalimu, kisha akasimama.

"Baba, namtaka Haruni, huyu mwalimu wa Mkongo. Nataka kuolewa naye."

Baraza likalipuka. "Lo, Mmatumbi kamroga!" "Mkia wa kiboko ameuleta?" Mzee Mfaume mwenyewe alicheka akapiga paja. Watani! Hakuna tamasha bila watani.

Mwanawetu hakutikisika. "Baba, namtaka Haruni."

Baadhi wakacheka tena, lakini wengine wakaangaliana. Mwanamke kujisemea posa mbele ya kadamnasi, tena mbele ya Mzungu, haikuwahi kuonekana, hata kwa utani. Shangazi Tabu alijifunika mdomo kwa kanga.

"Mwezi wa sita ililetwa posa nyumbani, mkaicheka," alisema Mwanawetu. Sauti ilitetemeka, akaiachia itetemeke, hakuishusha. "Siwalaumu, walioileta waliileta vibaya. Mimi naileta sasa. Wewe ni walii wangu, bila wewe hakuna ndoa, ndiyo maana nimekuja kwako. Lakini mwingine simtaki, wala Kiongoroni ninakohamishiwa siendi kujificha. Baba, namtaka Haruni."

Mara ya tatu hakucheka mtu. Haruni alikuwa ameshafika. Wote walimsubiri aseme kichekesho, amvue mzee kofia, amwite mtumwa. Haruni akainama mbele ya Mzee Mfaume.

"Shikamoo, mzee."

Mmatumbi kumwamkia mtani wake shikamoo! Mzee Mfaume alimtazama, tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo mpaka ukabaki uso wa mzazi.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Kiongoroni mbali."

"Nimekwisha kubali kwenda, baba," alisema Mwanawetu.

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza huyu. Haruni, utafika?"

"Nitafika, mzee. Nitaomba nihamishwe nami. Wakikataa, nitakata boriti za mikoko."

"Umewahi kukata boriti?"

"Sijawahi."

"Mikono itakuchubuka."

"Itapona."

Mzee Mfaume akaiweka sawa kofia yake, akamtazama binti yake aliyesimama na ushungi mwekundu na mchanga umemjaa miguuni. "Basi Ijumaa uje na wazee wako," alisema. "Huyo mjomba wako mwache nyumbani."

Watu wakaanza kucheka. Mzee Mfaume akawatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

"Hapo sikutania," alisema.